Kiungulia au Moyo? Uchambuzi wa Maumivu ya Kifua na Gharama ya Kukosea

Maumivu ya kifua ni miongoni mwa dalili zinazowatatiza zaidi wananchi na hata wahudumu wa afya, kwa kuwa dalili hiyohiyo inaweza kuletwa na asidi ya tumbo iliyopanda kwenye umio, hali inayokera lakini ni nadra kuua, au ikaletwa na kuziba kwa mshipa unaoulisha moyo, hali inayoweza kumwua mtu kabla hajafikishwa hospitali. Mkanganyiko huu una sura mbili. Wapo wanaoishi kwa hofu, ambao kila wakipata kiungulia hukimbilia kupima presha na kuandika wosia moyoni, na wapo wanaouita kila mwako wa kifua "gesi" au "vidonda vya tumbo", wakanunua vidonge vya kutafuna dukani, wakanywa maji ya moto na kulala, hata pale ambapo moyo ndio unaolia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ugonjwa wa mishipa inayolisha moyo ndio unaoongoza kwa vifo duniani, ukiwa na takriban asilimia 13 ya vifo vyote. Kwa hiyo namna jamii inavyoitofautisha hali moja na nyingine ni suala la afya ya umma, wala si la mgonjwa mmoja na daktari wake tu.

Makala haya yanachambua njia nne zinazotumiwa kutenganisha hali hizi mbili, yaani kusikiliza dalili, kujaribu dawa ya asidi, kuchukulia kila maumivu kuwa ni ya moyo, na kutegemea vipimo, kisha yanazipima kwa kuzingatia mazingira halisi ya mgonjwa wa Afrika Mashariki.

Kwa nini viungo viwili hulia kwa sauti moja

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25 unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, na katika safari yake hupita nyuma ya moyo, karibu kabisa na chumba chake cha juu cha kushoto. Mwishoni mwake upo msuli wa mviringo ambao hulegea chakula kinapopita na kukaza baada ya hapo ili yaliyomo tumboni yasirudi juu. Msuli huo ukilegea pasipo sababu, au ukisukumwa na tumbo lililojaa, kitambi au mimba, asidi hupanda kwenye umio, ambao utando wake, tofauti na ule wa tumbo, haukuumbwa kustahimili ukali huo. Hapo ndipo mtu huhisi kiungulia: mwako unaoanzia kwenye chembe ya moyo na kupanda kuelekea kooni, mara nyingi ukiandamana na kucheua maji machungu.

Ugonjwa wa moyo unaohusika hapa una chanzo tofauti kabisa. Ateri za korona, yaani mishipa inayoupelekea msuli wa moyo damu yake yenyewe, hujengeka tabaka la mafuta na makovu ndani ya kuta zake kwa miaka mingi, hasa kwa mwenye presha, kisukari, lehemu nyingi au mvutaji wa sigara. Njia ikiwa nyembamba, damu hutosha mtu anapopumzika lakini haitoshi anapopanda ngazi au kubeba mzigo, na maumivu yanayotokana na upungufu huo huitwa anjaina. Tabaka hilo likipasuka, damu huganda juu yake na kuziba mshipa ghafla, na hapo ndipo mshtuko wa moyo hutokea: msuli unaokosa damu huanza kufa ndani ya nusu saa hivi, kifo hicho kikianzia tabaka la ndani na kusonga kuelekea nje kadiri saa zinavyopita.

Chanzo ni tofauti, lakini habari za maumivu hupita njia moja. Neva zinazopeleka hisia kutoka kwenye moyo na zile za umio huingia katika uti wa mgongo kwenye sehemu zilezile za juu ya kifua, ambako pia huingia neva za ngozi ya kifua na upande wa ndani wa mkono. Ubongo, ambao umezoea kupata habari za ngozi kuliko za viungo vya ndani, hushindwa kubaini ujumbe umetoka wapi hasa. Hii ndiyo sababu maumivu ya moyo husikika mkononi au kwenye taya, na ndiyo sababu mgonjwa mkweli na makini anaweza kueleza vizuri anachohisi na bado maelezo yake yasitoshe kuamua ni kiungo kipi kinachougua. Kosa la kuchanganya, basi, halitokani na ujinga wa mgonjwa.

Kosa lenye historia ndefu

Daktari Mwingereza William Heberden alieleza anjaina mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London mwaka 1768, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1772, akionyesha kwamba maumivu hayo humjia mtu anapotembea, hasa akipanda mlima na hasa baada ya kula, na humwacha anaposimama. Kipengele hicho cha kula kinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa tangu mwanzo kabisa maumivu ya moyo yalijulikana kufuatana na mlo. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja baadaye vifo vingi vya ghafla viliendelea kuandikwa kuwa vimesababishwa na kuvimbiwa kwa ghafla, hadi pale James Herrick wa Chicago alipoeleza mwaka 1912 kwamba ateri ya korona inaweza kuziba ghafla na mgonjwa akaishi, na kwamba baadhi ya waliodhaniwa kuugua tumbo walikuwa wamepatwa na hali hiyo.

Mfano ulio mashuhuri zaidi ni wa Rais Dwight Eisenhower wa Marekani. Mwezi Septemba 1955, akiwa likizoni Denver, alicheza gofu, akala mkate wa nyama ya kusaga wenye vitunguu vibichi, na alasiri akalalamika kwamba tumbo limemsumbua. Usiku wa kuamkia tarehe 24 maumivu ya kifua yalimwamsha. Daktari wake, Howard Snyder, alifika na kumpa mofini, na asubuhi yake waandishi wa habari waliambiwa kuwa rais ana matatizo ya mmeng'enyo wa chakula. Kipimo cha umeme wa moyo kilifanyika mchana, ndipo ikabainika kwamba ni mshtuko wa moyo, naye akapelekwa Hospitali ya Kijeshi ya Fitzsimons. Eisenhower alipona na akachaguliwa tena mwaka uliofuata. Kisa chake kinaonyesha kwamba hata mtu mwenye daktari wa kando ya kitanda anaweza kupoteza nusu siku katika tafsiri ya tumbo, maadamu kuna chakula kizito cha kulaumiwa. Mwenye daktari umbali wa kilomita 40 hupoteza zaidi.

Msimamo wa kwanza: dalili zenyewe zinatosha

Msimamo wa kwanza, ambao ndio wa kale na wa bei nafuu kuliko yote, unasema kwamba mtu mwenye kuuliza vizuri ataweza kutofautisha. Maumivu ya asidi huchoma, huja baada ya kula sana au kula usiku, huongezeka mtu anapolala chali au kuinama, hupungua anapoketi wima, na huweza kuendelea kwa saa nyingi kwa kupanda na kushuka. Ndiyo maana malalamiko haya huongezeka mwezi wa Ramadhani, pale futari ya vyakula vya kukaanga inapofuatwa na daku na kisha usingizi. Maumivu ya moyo, kwa upande wake, hubana, hukandamiza au hulemea, hukaa katikati ya kifua bila mgonjwa kuweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, husambaa kwenye mkono mmoja au yote miwili, shingo, taya au mgongo, na huandamana na jasho jembamba, kichefuchefu, kukosa pumzi au hali ya kutaka kuzimia. Anjaina huletwa na juhudi na kuondoka kwa mapumziko ndani ya dakika chache. Mshtuko wa moyo hauondoki, na maumivu yanayozidi dakika 20 ni ya kuogopwa.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba baadhi ya alama hizo zina uzito wa kweli. Maumivu yanayoletwa na kutembea au kubeba mzigo, yanayosambaa kwenye mikono yote miwili, au yanayoambatana na jasho, huongeza sana uwezekano wa moyo, na maumivu makali yanayobadilika kwa kuvuta pumzi au kwa kubonyeza kifua huupunguza. Udhaifu wake ni kwamba alama hizi hufaa zaidi kuinua shaka kuliko kuiondoa. Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 430,000 wa mshtuko wa moyo nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa takriban thuluthi moja yao hawakuwa na maumivu ya kifua walipofika hospitali, na waliokosa maumivu hayo walikuwa zaidi wazee, wanawake na wagonjwa wa kisukari. Mwenye kisukari cha muda mrefu, ambaye neva zake zimeharibika, anaweza kuhisi uchovu na kichefuchefu tu.

Upo pia mshtuko wa moyo wa aina moja ambao unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndio unaofanana na ugonjwa wa tumbo kuliko mwingine wowote. Sehemu ya chini ya moyo imelala juu ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na ndiyo yenye neva nyingi zinazohusiana na kutapika na kupunguza mapigo ya moyo. Mshipa wa sehemu hiyo ukiziba, mgonjwa huweza kushika chembe ya moyo, kutapika, kutokwa jasho, kuhisi haja ya kwenda chooni, na mapigo yake yakawa ya polepole badala ya kwenda mbio. Mwenye kumwona atasema amekula kitu kibaya. Kipimo cha umeme wa moyo huonyesha mabadiliko katika mistari mitatu inayotazama moyo kutoka chini, na ndicho kinachoweza kumwokoa mgonjwa huyo asirudishwe nyumbani na dawa ya tumbo.

Ni kwa sababu hizi mwongozo wa maumivu ya kifua uliotolewa mwaka 2021 na vyama vya wataalamu wa moyo vya Marekani uliwataka madaktari waache kuyaita maumivu haya "yasiyo ya kawaida", wakayagawe badala yake katika yale ya moyo, yanayoweza kuwa ya moyo, na yasiyo ya moyo. Badiliko hilo ni la maana, kwa sababu mgonjwa aliyeandikiwa kuwa maumivu yake si ya kawaida alikuwa akisahaulika kwenye benchi.

Msimamo wa pili: dawa ya asidi itaamua

Msimamo wa pili ndio unaotawala mitaani. Mtu hupewa dawa ya kuzimua asidi au kidonge cha omeprazoli. Akipata nafuu, huhitimishwa kuwa lilikuwa tumbo. Hoja inayouunga mkono si ya kubezwa, kwani wengi wanaolalamikia kifua katika vituo vya afya vya ngazi ya chini hawana ugonjwa wa moyo, dawa hizi ni rahisi na salama kwa matumizi ya muda mfupi, na duka la dawa lipo hatua chache kutoka nyumbani wakati hospitali ipo mbali. Kutumia omeprazoli kwa wiki kadhaa ni njia inayokubalika hata kitaalamu, lakini kwa mtu ambaye moyo wake umekwisha kuchunguzwa.

Ubovu wa jaribio hili unaonekana mtu akifuatilia kinachotokea hasa. Mwanamume wa miaka 55 anapanda kilima akiwa na mzigo, kifua kinabana, anaketi kwenye kizingiti cha duka, ananunua vidonge viwili, anatafuna, na baada ya dakika tano maumivu yameisha. Yeye na muuzaji wote wanaamini kuwa vidonge vimefanya kazi, ilhali kilichofanya kazi ni kuketi: mahitaji ya moyo yameshuka na damu inayopita kwenye mshipa mwembamba imetosha tena. Hivi ndivyo anjaina inavyojificha miezi kadhaa kwa jina la gesi, na kila nafuu huimarisha imani isiyo sahihi. Omeprazoli nayo huzuia pampu za asidi zilizomo kwenye ukuta wa tumbo, inapaswa kumezwa takriban nusu saa kabla ya kula, na nguvu yake kamili hupatikana baada ya siku kadhaa. Nafuu inayokuja dakika kumi baada ya kuimeza haiwezi kuwa kazi yake.

Jaribio la upande wa pili halina nguvu zaidi. Nitrogliserini, dawa inayowekwa chini ya ulimi ili kutanua mishipa ya moyo, kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ikimpa mgonjwa nafuu basi ugonjwa ni wa moyo. Utafiti wa wagonjwa 459 uliochapishwa Marekani mwaka 2003 uliona kwamba nafuu ilipatikana kwa asilimia 35 ya waliokuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo na kwa asilimia 41 ya wasiokuwa nao. Sababu mojawapo inaeleweka: dawa hiyo hulegeza pia misuli ya umio. Kwa hiyo nafuu, iwe ya dawa ya tumbo au ya moyo, haipaswi kutumiwa kama kipimo, na hapa uchambuzi huu hauoni nafasi ya mjadala.

Msimamo wa tatu: kila maumivu ni ya moyo hadi ithibitike vinginevyo

Msimamo wa tatu ni wa vyumba vya dharura, nao umejengwa juu ya hesabu ya hasara. Mwenye kiungulia akichelewa kupata dawa yake kwa saa tatu, atakuwa ameteseka saa tatu. Mwenye mshtuko wa moyo akichelewa muda huo, atakuwa amepoteza sehemu ya msuli wa moyo isiyorudi. Na faida ya kuwahi ni kubwa. Utafiti mashuhuri wa ISIS-2 uliochapishwa mwaka 1988, uliowahusisha wagonjwa 17,187, ulionyesha kuwa aspirini peke yake ilipunguza vifo vya wiki tano kwa asilimia 23, streptokinasi, ambayo ni dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ikavipunguza kwa asilimia 25, na zote mbili kwa pamoja kwa asilimia 42.

Hata hivyo msimamo huu una gharama ambazo watetezi wake katika nchi tajiri huzisahau. Familia isiyo na bima huweza kuuza mbuzi au kukopa ili kulipia usafiri na vipimo vya mtu ambaye ana kiungulia cha miaka mingi. Vyumba vya dharura vyenye mashine moja hujaa, na aliye mgonjwa kweli akasubiri nyuma ya foleni. Zaidi ya hayo, mtu akiambiwa mara kwa mara kuwa huenda ni moyo, hofu yenyewe huanza kumletea kifua kubana na moyo kwenda mbio, na akirudishwa nyumbani kila mara bila maelezo, ama ataacha kuamini hospitali au ataishi kama mgonjwa.

Suala la aspirini linaonyesha mvutano huu vizuri. Kwa mwenye mshtuko wa moyo, kutafuna miligramu 150 hadi 300 za aspirini mapema ni hatua yenye faida kubwa iliyo nafuu mno. Kwa mwenye kidonda cha tumbo kinachovuja damu, anayepata choo cheusi kama lami au kutapika damu, au kwa mwenye ukuta wa mshipa mkuu wa damu unaochanika, hali inayoleta maumivu makali ya ghafla yanayopasua hadi mgongoni, dawa hiyohiyo inaweza kuharakisha kifo. Kwa sababu hiyo, ushauri wa kumpa aspirini kila anayeshika kifua haufai kutolewa bila kutaja nani asipewe: mwenye mzio nayo, mwenye dalili za kuvuja damu, na mwenye maumivu ya kuchanika mgongoni.

Msimamo wa nne: vipimo ndivyo vitakavyosema

Kipimo cha umeme wa moyo hufanywa kwa kubandika vibandiko kumi, sita kifuani na vinne kwenye mikono na miguu, na ndani ya dakika chache karatasi hutoka ikiwa na mitazamo kumi na miwili ya moyo uleule. Miongozo ya kimataifa hutaka kifanyike na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Kipimo cha pili ni cha damu, cha kutafuta troponini, yaani protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia.

Vipimo hivi ni bora kuliko hoja yoyote ya mdomo, lakini navyo vina mipaka ambayo mgonjwa anastahili kuijua. Karatasi ya kwanza inaweza kuwa safi wakati mshtuko wa moyo unaanza, na ndiyo maana hurudiwa maumivu yanapoendelea. Troponini huhitaji saa kadhaa kuongezeka kwa kiasi kinachoonekana na mashine za kawaida, hivyo aliyefika saa moja baada ya maumivu kuanza akapimwa mara moja na kurudishwa nyumbani hajapimwa ipasavyo. Anjaina inaweza isionyeshe chochote katika vipimo vyote viwili mgonjwa akiwa amepumzika, na hapo huhitajika kipimo cha moyo ukiwa kazini au picha ya mishipa yenyewe. Majibu mazuri ya siku moja si cheti cha kudumu.

Tatizo kubwa zaidi ni upatikanaji. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago, na hospitali kubwa za Nairobi zinaweza kupitisha mrija mwembamba hadi kwenye mshipa ulioziba na kuufungua, lakini muda unaopendekezwa wa saa mbili tangu ugonjwa utambuliwe hauwezekani kwa mgonjwa aliye Kigoma, Mtwara, Lodwar au Arua. Kwa huyo, streptokinasi, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ndiyo njia ya kweli, nayo haiwezi kutolewa bila karatasi ya umeme wa moyo. Tafiti zilizofanywa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi zimeonyesha kuwa wagonjwa wengi wa mshtuko wa moyo katika ukanda huo hupita mikononi mwa wahudumu bila kutambuliwa. Yapo mazoea ya kudhani kuwa maradhi haya ni ya Wazungu na matajiri, na mazoea hayo ndiyo yanayomnyima mgonjwa kipimo hata pale mashine inapokuwepo ukutani.

Maradhi mawili katika mwili mmoja

Misimamo yote minne hukosea inapodhani kwamba jibu lazima liwe moja. Unene, sigara na kula sana huleta asidi na huleta pia ugonjwa wa moyo, kwa hiyo maradhi haya mara nyingi hukaa pamoja. Mgonjwa wa moyo anayetumia aspirini huumia tumbo. Dawa za kutanua mishipa hulegeza msuli wa mwisho wa umio na kuzidisha kiungulia. Na omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli, dawa wanayopewa waliowekewa kijibomba cha kupanua mshipa, kwa kuwa huzuia kimeng'enya cha ini kinachoiamsha dawa hiyo, jambo ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani ililitolea tahadhari mwaka 2009. Anayejinunulia omeprazoli kila mwezi bila kumwambia daktari wake wa moyo anafanya jambo lenye hatari.

Miraa au mirungi nayo ina nafasi yake hapa. Watafunaji wengi hulalamika tumbo na kukosa hamu ya kula, na hivyo wao wenyewe huelekea kulaumu tumbo, ilhali utafiti uliofanywa Yemen ulihusisha utafunaji huo na mshtuko wa moyo. Maambukizi ya VVU pia huongeza hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hata kwa wasiofikia uzee. Kijana mwenye mojawapo ya hali hizi hapaswi kuambiwa kuwa umri wake unamlinda.

Kwa upande wa tumbo, ni vyema kutambua kuwa moyo ukishaondolewa shaka, kazi haijaisha. Kushindwa kumeza, kupungua uzito, kutapika damu au choo cheusi huhitaji endoskopia, yaani kuchungulia umio na tumbo kwa kamera, hasa kwa kuwa saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoonekana sana katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, na mwako wa kifua uliotulizwa kwa vidonge mwaka mzima unaweza kuwa umeificha.

Mizani

Ukipima misimamo hii, kusikiliza dalili ni muhimu lakini kunafaa kuinua shaka tu. Jaribio la dawa halifai kuamua chochote katika saa za mwanzo. Kanuni ya kuuchukulia moyo kwanza ni sahihi kwa maumivu mapya, lakini ni mzigo usio wa haki kwa maumivu ya zamani yasiyobadilika na yaliyokwisha kuchunguzwa. Na vipimo ni vya lazima ilimradi virudiwe na visomwe pamoja na historia ya mgonjwa. Swali la "yanafanana na nini?" linapaswa kutanguliwa na swali la "nikikosea, ni kosa lipi linaloweza kurekebishwa?", na kwa swali hilo moyo hutangulia.

Kwa mantiki hiyo, mwenye kiungulia cha miaka mingi kinachokuja na chakula kilekile, kinachopanda na maji machungu na kutulia anapoketi, ambaye hana presha, kisukari wala sigara na anaweza kupanda kilima bila shida, ana haki ya kutibiwa tumbo kwanza bila kutishwa. Lakini maumivu yakiwa mapya, au ya zamani yakabadilika tabia, au yakaletwa na kutembea na kuondolewa na kusimama, au yakamjia mtu aliyevuka miaka 40 mwenye moja ya hatari zilizotajwa, achunguzwe moyo katika siku hizohizo. Na yakizidi dakika 20, au yakiandamana na jasho, kukosa pumzi, kutapika au kutaka kuzimia, asingoje kupambazuke: apelekwe kwa gari, teksi au bajaji akisindikizwa, asiendeshe mwenyewe, na apelekwe penye kipimo cha umeme wa moyo badala ya palipo karibu tu.

Wauza dawa wana uwezo wa kuokoa watu wengi kwa swali moja tu wanaloweza kumwuliza kila anayeomba dawa ya gesi: je, maumivu haya huja unapotembea? Serikali za Afrika Mashariki, ambazo zimeweza kufikisha vipimo vya malaria hadi kwenye zahanati, zifikishe mashine ya umeme wa moyo katika kila kituo cha afya na kumfundisha angalau mhudumu mmoja kuisoma au kuituma picha yake kwa simu kwa daktari bingwa. Na mgonjwa anayefika mapokezi akiwa ameshika kifua aseme wazi kuwa ni kifua kinachomuuma, aseme maumivu yalianza saa ngapi, na aombe kupimwa umeme wa moyo kabla hajaandikiwa dawa ya tumbo.